Treni Isisimame: Mwongozo Kamili wa Kukarabati Stesheni ya Kale Ikiwa Kazini

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Majengo ya stesheni yaliyojengwa kando ya njia hiyo yamepita zama za Mjerumani na za Mwingereza, yakaona uhuru, yakaliona Shirika la Reli la Afrika Mashariki likivunjika 1977, na leo yana jirani mpya anayeitwa SGR, reli ya kisasa ya umeme. Mengi yangali yanauza tiketi, na hilo ndilo lililoyaokoa. Kwenye jengo lenye watu, bati likilegea kuna atakayeliona. Jengo likifungwa, linabaki na popo, mchwa na wezi wa mbao, na miaka mitano inatosha kulimaliza.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja toka mwanzo hadi mwisho: stesheni ya kale isifungwe ili ikarabatiwe. Ratiba ya treni ndiyo iongoze kazi, na fundi aifuate. Mwongozo huu ni kwa mhandisi wa halmashauri, mkandarasi mdogo, stesheni masta au kamati ya wananchi inayotaka jengo lao lisimame miaka mia nyingine. Mifano mingi nimeitoa Kigoma na Tabora, ila hatua ni zilezile kwa Moshi, Tanga, Voi au Kisumu.

Hatua ya 1: Jua nani lazima akubali

Tanzania Bara mwenye jengo kwa kawaida ni Shirika la Reli Tanzania, TRC. Bila barua yao usiguse hata msumari. Pili, uliza Idara ya Mambo ya Kale kama jengo limetangazwa kuwa kumbukumbu chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hata kama halijatangazwa, waite waje walione, maana ushauri wao mwanzoni ni nafuu kuliko zuio lao katikati ya kazi. LATRA husimamia usalama wa usafiri wa reli, OSHA husimamia usalama wa mafundi wako, na halmashauri hutoa kibali cha ujenzi. Kwa Kenya utazungumza na Shirika la Reli la Kenya na Makumbusho ya Taifa, chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006.

Kabla ya kusaini chochote, andikeni ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo. Kwa maoni yangu awe stesheni masta aliye zamu. Mkandarasi atalalamika kwamba anacheleweshwa. Lakini anayejua kwamba treni ya mizigo isiyokuwa kwenye ratiba imeombewa njia ni stesheni masta, na kwenye jukwaa neno lake liwe la mwisho.

Hatua ya 2: Keti stesheni kabla ya kuchora

Kaa pale siku ya treni, toka abiria wa kwanza anapofika na mabegi yake hadi hamali wa mwisho anapoondoka. Kisha rudi siku isiyo na treni. Chora ramani ya watu: wanaingilia wapi, wanapanga foleni upande gani wa ukumbi, jua la saa 9 alasiri linawasukuma kwenye kivuli kipi, mama lishe wanaweka wapi majiko, mizigo inapimwa wapi, wazee na wenye watoto wanalala wapi treni ikichelewa.

Ramani hiyo ina thamani kuliko michoro ya kompyuta. Stesheni za mwisho wa njia, kama Kigoma, zina watu wanaokuja kutoka mbali, wengine wamevuka ziwa, nao hufika saa nyingi kabla ya treni. Ukifunga varanda wanayolala bila kuwapa nyingine, watahamia ndani ya eneo lako la kazi. Zungumza nao. Hamali aliyefanya kazi pale miaka 20 atakuonyesha kona ambayo maji hujaa kila masika, na atakuwa sahihi.

Hatua ya 3: Weka kumbukumbu ya kila kitu

Piga picha kila ukuta, mlango, dirisha na kona ya dari, ukiweka fimbo ya kipimo ndani ya picha. Vipe vyumba namba, na milango na madirisha namba zake, uzibandike kwa kibati kidogo ambacho hakitoboi mbao. Mlango ukishushwa kwenda kwa seremala, urudi kwenye tundu lake lilelile, maana fremu za kale hazilingani hata zikionekana pacha.

Michoro ya awali hutafutwa sehemu tatu: kumbukumbu za shirika la reli lenyewe, Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam ambako kuna majalada ya utawala wa Kijerumani, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani huko Berlin, yaliko mafaili ya wizara ya makoloni.

Usisahau vitu vidogo: kengele, saa ya ukutani, mizani, dirisha la tiketi lenye nondo, vibao vya majina. Hivi ndivyo huondoka kwanza, mara nyingi ndani ya toroli la kifusi. Viorodheshe, vipigwe picha, na vifungiwe chumba kimoja chenye funguo mbili kwa watu wawili tofauti.

Na acha shahidi. Dari ya Grand Central jijini New York iliposafishwa kwenye ukarabati uliokamilika 1998, waliacha kipande kidogo cheusi bila kukisafisha, na hadi leo ukiinua macho unakiona. Kipande hicho kinawaambia mafundi wajao dari ilikuwaje. Nawe acha sehemu ndogo ya rangi ya zamani pembeni, tabaka zote zionekane.

Hatua ya 4: Tafuta maji

Karibu kila ugonjwa wa jengo la kale huanza na maji, kwa hiyo usianze kuhesabu nyufa kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Nenda mvua ikinyesha. Simama chini ya kila gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa. Tazama linapofurika, linapomwaga ukutani, na mahali bomba la kushusha maji limeziba au limeibwa. Kisha panda darini na tochi mchana: kila nukta ya mwanga ni tundu.

Halafu rudi chini ukague mguu wa ukuta. Stesheni nyingi zimepandishwa ardhi kidogo kidogo kwa miaka mia. Kokoto ziliongezwa, jukwaa likainuliwa, mtu akamwaga zege hadi kwenye ukuta. Matundu ya hewa yaliyokuwa chini ya sakafu ya mbao yamefukiwa, na maji ya jukwaani yanateremkia ukutani badala ya kwenda njiani. Utaona unga mweupe wa chumvi na lipu inayobanduka hadi usawa wa kiuno. Watu hupaka rangi ya mafuta juu yake kila mwaka, nayo huvuliwa kila mwaka. Dawa ni kuvunja zege upana wa futi moja hivi kando ya ukuta, kuchimba mfereji, kuujaza kokoto safi na kuuelekeza nje, kisha kufungua matundu. Baada ya hapo ukuta unahitaji muda wa kukauka, pengine msimu mzima wa kiangazi, na ndiyo sababu kazi hii hufanywa mapema kabisa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya saa ulizonazo kweli

Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Chukua ratiba. Tuseme treni inaondoka saa 10 jioni na nyingine inaingia kesho yake saa 4 asubuhi. Kwenye karatasi una saa 18. Ondoa saa moja baada ya treni kuondoka, maana wasindikizaji, hamali na mizigo iliyobaki havitoweki honi ikipigwa. Ondoa saa mbili kabla ya treni kuingia, za kukusanya vifaa, kufagia na kurudisha vizuizi. Sasa ondoa usiku. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, hivyo jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Umebaki na saa mbili za jioni na saa moja ya asubuhi. Saa 18 zimekuwa 3.

Ukishaliona hilo utapanga tofauti. Kwenye Reli ya Kati treni ya abiria ya masafa marefu haiji kila siku, na siku zisizo na treni ndizo za kazi ya vumbi, kelele na kuinua vitu vizito. Siku za treni ziwe za kazi ya utulivu ndani ya vyumba vilivyofungwa: seremala, rangi za ndani, kuandaa chokaa. Kazi yoyote iliyo karibu na njia, hata ikiwa jukwaa tu limejaa mirunda, ifanyike njia ikiwa imefungwa kwa kibali cha maandishi, chenye saa ya kufunga na saa ya kufungua, na mtu mmoja anayekabidhi njia kwa sahihi yake.

Omba umbali salama kutoka kwenye reli kwa mhandisi wa reli mwenyewe. Usipime kwa macho, maana behewa huyumba na kwenye kona hutokeza zaidi ya linavyoonekana likiwa limesimama. Pale njia ya umeme ya SGR inapopita karibu, kumbuka waya wake una volti 25,000, na fundi aliyebeba bati refu au bomba la chuma anaweza kuuawa bila hata kuugusa.

Panga pia kwa majira. Tabora, Dodoma na Kigoma zina kiangazi kizuri kuanzia Juni hadi Septemba, basi paa lifunguliwe wakati huo tu. Dar es Salaam na Tanga zina masika na vuli, kwa hiyo mwanya wako ni mfupi zaidi. Treni ikichelewa, nafasi yako ya kazi inahama nayo. Msimamizi awe na simu ya chumba cha kuongozea treni na apige kila asubuhi kabla ya mtu kupanda ngazi.

Hatua ya 6: Fungua kwanza, ndipo ufunge

King's Cross ya London ilifunguliwa 1852. Ilipokarabatiwa, walijenga kwanza ukumbi mpya upande wa magharibi, wakaufungua Machi 2012, abiria wakahamia huko, na baada ya hapo tu ndipo ukumbi wa muda wa miaka ya 1970 uliokuwa umeziba sura ya mbele ukabomolewa. Treni ziliendelea wakati wote. Kanuni hiyo haihitaji fedha za London. Kwa stesheni ya wilaya maana yake ni banda la mabati lenye dirisha la tiketi, mabenchi, maji na kivuli, likijengwa na kutumika wiki mbili kabla hujafunga ukumbi wa zamani. Ukiona foleni imelizoea, funga.

Ligawe jengo vipande vinne au vitano. Mimi huanza na ghala la mizigo, kwa kuwa makosa ya mafundi wapya hujifichia huko na chumba kikikamilika kinakuwa ofisi ya muda. Ukumbi wa kungojea unafuata, kisha tiketi. Chumba cha stesheni masta chenye vyombo vya mawasiliano kihamishwe mara moja tu, na siku ya kuhama wawepo mafundi wa mawasiliano, si mafundi ujenzi peke yao. Jukwaa ni la mwisho, nusu kwa nusu kwa urefu wake, na behewa zisimamishwe upande ulio wazi. Mwambieni dereva wa treni kwa maandishi na mweke kibao cha kusimamia.

Kati ya abiria na kazi weka ukuta wa mbao au mabati, si kamba. Kamba huvukwa na watoto. Pale watu wanapopita chini ya mafundi, jenga njia yenye paa la mbao nene. Vibao viwe kwa Kiswahili na vionyeshe mshale, na weka mtu wa kuelekeza siku za treni, maana mwenye mzigo kichwani hasomi kibao.

Hatua ya 7: Paa

Paa kwanza, kuta baadaye. Fungua eneo ambalo unaweza kulifunika tena siku hiyohiyo, na turubai lisubiri likiwa limeshafungwa upande mmoja. Kagua kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, moja moja. Choma ncha ya bisibisi kwenye miguu ya kenchi inapokalia ukuta, maana hapo ndipo maji ya gata na mchwa hukutana. Mbao ikioza ncha tu, usitupe kenchi nzima: kata sehemu iliyooza, unga mbao mpya ya aina ileile kwa kiungo cha mshazari, ikaze kwa bolti. Mvule na mninga za zamani zina uimara ambao mbao changa za sokoni hazina.

Vigae vilivyo vizima vishushwe, vigongwe kwa kifundo cha kidole, na vyenye mlio wa wazi virudishwe kwenye upande wa mbele unaoonekana. Vipya viende nyuma. Mabati ya asbesto, yaliyowekwa kwenye majengo mengi ya miaka ya 1950 na 1960, yasikatwe wala kuvunjwa na fundi wa kawaida. Yaloweshwe, yashushwe mazima, yafungwe kwenye plastiki, yapelekwe mahali mamlaka ya mazingira ya taifa inapoelekeza, na siku hiyo abiria wasiwepo kabisa.

Ukiweka gata jipya, liwe pana kuliko la zamani, lenye mteremko unaoonekana kwa pima maji.

Hatua ya 8: Kuta na chokaa

Ningeruhusiwa kumfundisha fundi jambo moja tu, lingekuwa hili. Kuta nyingi za zama zile ni mawe au matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kidogo na kuutoa kupitia viungo vyake. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu unalazimika kutokea kwenye tofali, na chumvi iliyomo inajijenga nyuma ya uso wa tofali hadi uso unakatika. Utaona viungo vya saruji vimesimama imara huku matofali yenyewe yamelika kwenda ndani. Hapo saruji imeshinda na ukuta umeshindwa.

Usikisie kilichomo, pima. Chukua kipande cha udongo wa zamani, yaani mchanganyiko ulioshikanisha mawe au matofali, saizi ya kiberiti, kutoka mahali palipojificha. Kikwangue kwa ukucha: chokaa hutoa unga, saruji hukataa. Kiponde taratibu, kitie kwenye chupa ya kioo yenye siki kali. Kitatoa povu. Siki ikichoka, mwaga na uongeze nyingine, kwa siku kadhaa, hadi povu likome. Kilichobaki chini ni mchanga wa fundi wa kwanza. Uoshe, uanike kwenye gazeti, utazame: rangi yake, ukubwa wa chembe, kama ni mkali au wa mviringo. Nenda na sampuli hiyo mtoni na machimboni hadi upate ndugu yake. Pwani kipimo hiki kina mtego, kwa sababu mchanga wenye vipande vya kombe na matumbawe nao huyeyuka kwenye siki, na utadhani chokaa ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa.

Zamani mafundi wa pwani walichoma matumbawe kwenye tanuri za magogo. Leo usifanye hivyo, mwamba wa bahari hauwezi kulipa gharama hiyo. Chokaa ya mifuko inayotokana na mawe, kama ile ya Tanga, inafaa. Tia maji kwenye pipa kwanza, kisha mimina chokaa juu ya maji, koroga, acha maji yafunike juu kwa vidole viwili. Iache walau wiki mbili, ikikaa zaidi ni bora. Mkorogaji avae miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo na mpeleke hospitali.

Kwa kazi ya kawaida tumia kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Usiongeze maji ili kulainisha, piga kwa mti au sepetu hadi udongo ulainike wenyewe. Mahali penye unyevu wa kudumu, ongeza vumbi la tofali lililochomwa na kusagwa, linasaidia chokaa kukaza.

Kuziba viungo hufanywa hivi. Toa udongo uliokufa kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo hadi kina cha sentimita 2 hadi 3. Mashine ya kukatia isiingie ukutani, inakula kingo za matofali na alama zake hazifutiki. Piga brashi, lowesha kwa maji, subiri yanyweke. Sindika udongo kwa tabaka, ukibonyeza kwa nguvu, na uishie nyuma kidogo ya uso wa tofali. Usiupake juu ya tofali. Ukianza kushika, gonga kwa brashi ngumu ili uso ufunguke. Kisha funika kwa gunia bichi na ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa taratibu. Jua la Dodoma likiipiga siku ya kwanza, itageuka unga.

Lipu ni vilevile: tabaka nyembamba za milimita 10 hivi, siku kadhaa kati ya moja na nyingine. Kabla ya kubomoa lipu ya zamani, igonge kwa mpini wa nyundo ukutani kote na uweke alama ya chaki panapolia uwazi. Ondoa hapo tu. Na pale ambapo saruji ya zamani imeshika kiasi kwamba kuing'oa kutavunja matofali, iache. Kutengeneza kusizidi uharibifu.

Kazi ya chokaa inakubaliana vizuri na treni. Haina mashine za kelele, inafanywa kwa vipande vidogo, na fundi akiitwa kupisha abiria anafunika kwa gunia na kuondoka bila kupoteza pipa zima. Saruji iliyokorogwa haingoji treni iliyochelewa.

Hatua ya 9: Chuma na mbao

Nguzo za chuma za majukwaa ya kale mara nyingi ni tupu ndani, na maji ya paa hushukia humo. Zikiziba, nguzo huoza kutokea ndani huku rangi ya nje ikiwa nzuri. Zizibue kwanza. Chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, hakichomelewi na fundi wa mtaani, hupasuka kwa joto. Funga ufa kwa bamba na bolti au mwite fundi mwenye utaalamu huo. Vipande vya reli vilivyotumika kama nguzo, na viko vingi, vina alama za mwaka na kiwanda pembeni, basi visisagwe.

Chukulia kwamba rangi zote za zamani kwenye chuma na milango zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usisugue kwa msasa mkavu. Lowesha, kwangua, kusanya mabaki kwenye turubai, na watoto wa stesheni wasikaribie. Milango na madirisha irekebishwe, isibadilishwe kwa alumini.

Moto ndio adui wa haraka kuliko wote. Moto wa King's Cross wa tarehe 18 Novemba 1987 uliua watu 31, na ulianza na taka na grisi chini ya ngazi ya umeme ya mbao, katika stesheni ya treni za chini ya ardhi iliyojaa watu. Randa za seremala ziondolewe kila jioni. Kazi ya kuchomelea iwe na kibali cha siku, ndoo za mchanga, na mtu wa kubaki akiangalia saa nzima baada ya kifaa kuzimwa.

Hatua ya 10: Mahitaji ya leo

Jengo la 1914 halikufikiria kiti cha magurudumu. Njia ya mteremko iwe na uwiano wa 1 kwa 12: kimo cha sentimita 30 kinahitaji urefu wa mita 3.6. Ijengwe kando ya ngazi za zamani, isizifunike, na iweze kuondolewa bila kuacha jeraha. Waya za umeme zipite juu ya ukuta kwenye mabomba yaliyonyooka, usichimbe mifereji kwenye mawe. Vyoo vijengwe nje ya jengo la kale, vya kutosha, vyenye maji, tena vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume. Choo kinachovuja ndani ya ukuta wa chokaa kinaharibu kwa miaka miwili kile ambacho mvua haikuweza kwa hamsini.

Kwa rangi ya nje paka maji ya chokaa, tabaka nne au tano nyembamba juu ya ukuta uliolowa. Rangi za plastiki zinafunga ukuta kama saruji.

Hatua ya 11: Kukabidhi

Kabidhi kipande kwa kipande, si jengo zima siku ya sherehe. Kila kipande kikikamilika, stesheni masta akikague, asaini, abiria warudi, ndipo kinachofuata kifungwe. Achia ofisini faili moja: picha za kabla na baada, mchanganyiko wa chokaa uliotumika, mahali mchanga ulipotoka, namba za milango, na ramani ya mifereji. Nakala nyingine iende Mambo ya Kale. Acha pia pipa la chokaa iliyolowekwa, lililofunikwa maji, pamoja na marundo madogo ya vigae na matofali ya akiba.

Mfundishe mtu wa pale. Kijana mmoja wa stesheni aliyefanya kazi na mafundi mwanzo hadi mwisho atazuia uharibifu mwingi kuliko mkataba wa matengenezo ulioko makao makuu. Mwachie ngazi, brashi, koleo dogo na orodha ya mwaka. Oktoba, kabla ya mvua, apande kuzibua magata na mabomba. Mvua ya kwanza ikinyesha, azunguke jengo na kuandika kila linapovuja. Mei asafishe mifereji ya chini na kufungua matundu ya hewa. Julai agonge lipu, azibe viungo vilivyofunguka, apake maji ya chokaa upande unaopigwa na mvua. Bajeti ya kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba wa ukarabati wenyewe, kwa miaka mitano ya kwanza, kabla fedha za mradi hazijafungwa.